ROBO KILO YA NYAMA, WATU SITA

Somo la nyumbani: nyama ya ng'ombe na mboga za kukaanga haraka



Katika somo hili tunaingia jikoni. Tunajua kuna watakaosema, "Ati kupika? Sisi tulifundishwa na mama zetu tangu utoto." Ni kweli kabisa. Hatukuja kumfundisha mama wa Likuyani kusonga ugali. Tumekuja na jambo moja dogo: jinsi ya kuchukua robo kilo ya nyama, mboga za shambani na moto wa muda mfupi, ukapata kitoweo cha watu sita, ambacho kila mtu, hata yule anayekula mwisho, anapata nyama ndani ya sahani yake.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotufanya tuandike somo hili. Tuanze na kisa.

SAHANI YA MWISHO

Siku moja tulitembelea nyumba fulani, si mbali na soko la Matunda. Mama wa nyumba alikuwa na mimba ya miezi sita hivi. Wiki hiyo alikuwa amekwenda kliniki, akaambiwa damu yake imepungua. Alipewa vidonge, na akashauriwa ale vizuri: mboga, maharagwe, na nyama akiweza kupata.

Tukamwuliza, "Mama, nyama hapa nyumbani mnapata?"

Akajibu bila wasiwasi, "Nyama tunakula kila Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na tukakaribishwa chakula. Nyama ilikuwa imechemshwa tangu asubuhi, vipande kumi na viwili vikubwa ndani ya sufuria. Mzee wa nyumba aliwekewa vinne. Sisi wageni wawili tukapewa vitatu vitatu. Kijana mkubwa akapata viwili. Hapo nyama ikawa imekwisha. Watoto wawili wadogo walipata mchuzi. Mama alikula mwisho, kule jikoni: ugali, mchuzi uliobaki, na mfupa mmoja wa kunyonya. Halafu akashushia na kikombe cha chai ya rangi, nyeusi kabisa.

Kwa hivyo ni kweli kwamba nyama "tunakula" kila Jumapili. Lakini yeye hakuwa ameila. Na sisi tuliokwenda kuuliza habari za chakula chake ndio tuliokula sehemu yake.

Tuseme pia kwamba mzee yule si mtu mbaya. Anafanya kazi, anasomesha watoto, na nyama ni yeye aliyeinunua. Hakumnyima mtu. Ni desturi tu inayogawa, kama vile imondo ya kuku inavyojulikana ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na hakuna anayeuliza. Mama mwenyewe angeona aibu kuchukua kipande wakati mgeni bado anakula.

Njiani tulikuwa tukizungumza. Mmoja wetu akasema, "Shida ni kwamba vile vipande vinahesabika." Ndiyo, vipande vikubwa ni kama pesa: kila mtu anajua ni vingapi na ni vya nani. Sasa, je, kama nyama ile ile ingekatwa vipande vidogo vidogo, ikachanganywa na mboga kiasi kwamba kila kijiko kina nyama kidogo? Nani angehesabu?

NYAMA KIDOGO INA KAZI GANI?

Wengine hufikiri kwamba nyama isiyoshibisha haina faida. Sivyo. Mwili hutengeneza damu kwa kutumia madini ya chuma. Madini haya yamo kwenye mboga za majani, maharagwe na wimbi, lakini mwili huchukua sehemu ndogo tu ya chuma cha mimea. Chuma kilicho ndani ya nyama huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Tena kuna jambo ambalo wengi hawajui: nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga, husaidia mwili kuchukua hata kile chuma cha mboga.

Msaidizi mwingine ni vitamini C. Hii inapatikana kwenye hoho, nyanya, kabeji na sukumawiki. Nayo husaidia chuma cha mimea kiingie mwilini. Lakini vitamini C ni mwoga wa moto mrefu, na hukimbilia ndani ya maji. Mboga iliyochemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa imepoteza nyingi. Mboga iliyokaangwa dakika tatu au nne bado inayo nyingi. Nayo karoti ina kile kinachotengeneza vitamini A mwilini, na mwili hukichukua vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo. Kwa hivyo nyama, mboga na mafuta vikikutana kwenye karai moja, kila kimoja kinamsaidia mwenzake.

Adui yupo pia, naye ni chai. Chai inayonywewa pamoja na chakula, au mara tu baada ya kula, huzuia chuma kisiingie vizuri mwilini. Hatusemi watu waache chai. Nani angetusikiliza? Tunasema chai iwe na saa yake. Mtu akishakula, angoje saa moja au zaidi.

Wanaohitaji chuma zaidi nyumbani ni hawa: mama mjamzito, mama aliyetoka kujifungua, wasichana walioanza kupata hedhi, na watoto wadogo kuanzia miezi sita wanapoanza kula. Ukiangalia vizuri utaona ndio hao hao wanaopata mchuzi.

Lakini tusidanganyane. Chakula hiki si dawa. Mama aliyeambiwa na kliniki kwamba damu imepungua, ameze vidonge vyake mpaka mwisho na arudi kupimwa. Malaria na minyoo nayo hupunguza damu, na hayo hayaponywi na karai.

UPISHI HUU UMETOKA WAPI?

Wachina ndio wanaojulikana sana kwa upishi huu wa kukata vidogo, kuwasha moto mkali, na kugeuza haraka haraka. Huwa wanatumia chombo chenye tumbo la mviringo. Sisi tunalo la kwetu, karai, na hata jina lake limetoka India. Katika nyumba nyingi hapa karai ni la mandazi peke yake. Sasa tunalipa kazi nyingine.

Faida kubwa ya upishi huu ni kuokoa kuni. Kitu kilichokatwa kidogo huiva upesi. Tangu mashamba ya walowezi yalipogawanywa kwetu miaka ya 1960, vizazi viwili au vitatu vimegawana ekari zile zile, na mahali pa kupanda mti wa kuni panapungua. Kuchemsha nyama ngumu saa moja na nusu au mbili ni mzigo mzima wa kuni. Ndiyo maana mama akitoka kupalilia mahindi jioni hawezi kufikiria nyama. Anasonga ugali, anakaanga sukuma, basi.

Lakini kuna kuni moja ambayo Likuyani tunayo baada ya kila mavuno: magunzi. Kila mama anajua tabia ya magunzi. Moto wake ni mkali, halafu unakwisha mara moja. Kwa maharagwe ni hasara tupu, utachochea mpaka uchoke. Kwa upishi huu ndiyo moto wenyewe tunaoutaka. Debe moja la magunzi makavu likiwa karibu na jiko, lililobaki ni kazi ya mkono. Mwenye gesi au jiko la makaa pia atafanya vizuri, bora moto uwe mkali.

KWENYE BUCHARI

Si kila nyama inafaa kukaangwa haraka. Mwambie mwenye buchari akupimie robo kilo ya steki, yaani nyama isiyo na mfupa, ya mgongoni au ya paja. Nyama ya shingo, ya mguu na ya kifua ni ngumu. Hiyo inataka kuchemshwa polepole. Ukiwa na nyama ngumu tu, usikate tamaa: ichemshe mpaka ilainike siku ambayo una nafasi na kuni, halafu uikate vipande vyembamba na kuikaanga na mboga siku hiyo hiyo. Maini pia huiva upesi na yana chuma kingi, ila mama mjamzito asiyazidishe, kwa sababu yana vitamini A nyingi kupita kiasi kwake.

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Hapa tunasema kwa nguvu. Kuna wakati ng'ombe anakufa mwenyewe kijijini, na nyama inauzwa kwa bei ya chini kwa majirani. Wapendwa, msinunue. Ng'ombe wa namna hiyo anaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua watu pia, na hata kumchuna tu ni hatari. Nyama isiyoiva nayo inaweza kumpa mtu tegu. Kwa hivyo upishi wetu ni wa haraka, lakini si wa nyama mbichi. Kila kipande kiive mpaka wekundu uishe ndani.

VITU VINAVYOHITAJIKA (watu sita)

- Nyama ya ng'ombe bila mfupa, robo kilo
- Kitunguu kikubwa 1
- Kitunguu saumu, punje 3
- Tangawizi, kipande kama ncha ya kidole gumba
- Karoti 2
- Hoho 1
- Kabeji ndogo, nusu (au sukumawiki, majani 10 hivi)
- Nyanya 2 zilizoiva
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya kula
- Chumvi, kijiko 1 cha chai kisichojaa
- Unga wa ngano, kijiko 1 cha chai, uliokorogwa katika nusu kikombe cha maji baridi
- Dania kidogo, ikiwapo

Nyingi ya mboga hizi zinaweza kutoka kwenye shamba dogo la nyuma ya jikoni. Kinachonunuliwa hasa ni nyama, mafuta na chumvi. Wenye kupita Kitale au Eldoret wataona chupa za sosi ya soya madukani. Ni tamu, lakini si lazima. Ukiitumia punguza chumvi, maana ina chumvi nyingi.

Tumeulizwa kuhusu mboga zetu za kienyeji. Murere haufai hapa, kwa sababu ya utelezi wake. Saga na managu yana uchungu, yanataka kupikwa polepole na maziwa. Tuyaachie siku yao, ni vyakula vya thamani sana. Kunde changa zinakubali kukaangwa. Na usiweke musherekha wala magadi kwenye karai hili: mboga zitalainika, ndiyo, lakini vitamini C itaharibika.

KUKATA NDIKO KUPIKA

Hapa ndipo kuna kazi. Ukikata vizuri, umemaliza nusu ya upishi.

Kwanza osha mboga zote zikiwa nzima, ndipo ukate. Wengi wetu tunakata sukuma halafu tunaiosha, na vitamini zinakwenda na maji.

Pili, kata mboga kabla ya nyama. Ukikata nyama kwanza, uchafu wa nyama mbichi utaingia kwenye mboga. Ukimaliza nyama, osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

Tatu, iangalie nyama. Utaona ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, kama kamba ya katani. Usikate kufuata nyuzi. Kata kwa kuzikatiza, ili kila uzi uwe mfupi. Kipande kiwe chembamba kama upana wa kalamu, na kirefu kama kidole kidogo. Nyama yenye nyuzi ndefu inatafuniwa mpaka mashavu yaume, na mtoto anaitema. Nyama ile ile, nyuzi zikikatizwa, inakuwa laini.

Ikiwa unaona nyama bado ni ngumu kidogo, chukua papai bichi, ulikwaruze, kamua maji yake vijiko viwili, upake nyama na uiache nusu saa. Usizidishe muda, itakuwa kama uji.

Nne, kata kila kitu na ukiweke tayari, kila kimoja katika sahani yake, KABLA ya kuwasha moto. Ukianza kukaanga hutapata nafasi ya kumenya kitunguu.

HATUA ZA KUPIKA

1. Songa ugali kwanza. Ufunike vizuri. Kitoweo hiki hakingojei ugali; ugali ndio unaokingoja.

2. Kausha vipande vya nyama kwa kitambaa safi. Nyama yenye maji huruka kwenye mafuta na kuchoma mtu. Watoto wakae mbali na jiko.

3. Chochea moto uwe mkali. Weka karai, lipate moto, ndipo utie vijiko viwili vya mafuta. Mafuta yakianza kumetameta, yako tayari. Yakitoa moshi mwingi, yamezidi, shusha kidogo.

4. Tia nusu ya nyama. Iache kidogo ishike rangi, halafu geuza geuza kwa mwiko, dakika tatu hivi, mpaka isiwe na wekundu popote. Itoe uweke kwenye bakuli safi. Tia nusu iliyobaki, fanya vivyo hivyo.

5. Ongeza kijiko cha mafuta kilichobaki. Tia kitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Geuza dakika moja. Harufu itawaita majirani.

6. Tia karoti, geuza dakika mbili. Halafu tia hoho na kabeji, geuza dakika mbili au tatu. Usifunike. Mboga ilainike kidogo lakini bado iwe na sauti ukiitafuna.

7. Tia nyanya na chumvi. Nyanya zikivunjika, rudisha nyama pamoja na maji yaliyotoka kwenye bakuli.

8. Koroga tena ule unga wa ngano na maji yake, umimine. Geuza dakika mbili hivi, mpaka mchuzi ushike. Sisi ni watu wa ugali, na ugali bila mchuzi unakwama kooni. Tia dania, ipua.

Tangu kuweka karai mpaka kuipua ni kama dakika kumi na tano. Tumeipima kwa saa zaidi ya mara moja.

MAKOSA TULIYOYAONA

Kosa la kwanza ni kutia nyama yote mara moja. Karai linapoa, nyama inatoa maji, na badala ya kukaangika inachemka na kuwa ngumu. La pili ni kutia chumvi kwenye nyama mbichi mapema: inavuta maji vile vile. La tatu ni kuongeza maji na kufunika "ili iive vizuri." Hapo umerudi kwenye mchuzi wa kawaida. La nne ni mafuta mengi. Vijiko vitatu vinatosha, karai si la mandazi leo.

Kwa mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja, toa sehemu yake kabla ya kutia chumvi. Saga au ponda nyama na karoti mpaka iwe laini kabisa, uchanganye na ugali mwororo au viazi. Asipewe mchuzi peke yake. Mchuzi una harufu ya nyama, lakini nyama yenyewe imebaki kwenye kipande.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Sasa tuseme jambo ambalo halikutupendeza. Mara ya kwanza tulifundisha upishi huu katika kikundi cha akina mama peke yao. Tulicheka, tukakaanga, tukala, tukaimba, tukarudi nyumbani tukidhani kazi imekwisha.

Baada ya wiki mbili hivi, mama mmoja alitujia. Akasema, "Mwalimu, somo lenu limeniletea maneno nyumbani." Alikuwa amepika vizuri kama tulivyoonyesha. Mume wake akafunua bakuli, akaangalia, akauliza, "Nyama niliyonunua iko wapi?" Aliona kabeji na vijiti vya nyama. Akadhani nyama imeliwa jikoni kabla yake, au imepelekwa kwa wakwe. Hakula. Siku tatu hawakuzungumza.

Tulijilaumu. Tulikuwa tumefundisha nusu ya nyumba na kuiacha nusu nyingine. Tena tulikuwa tumempa mama kazi ya kubadilisha desturi kwa ujanja wa kisu, bila mtu yeyote kukubaliana naye. Desturi haibadilishwi kwa kufichwa. Anayedanganywa, hata kwa jambo jema, ana haki ya kukasirika.

Kwa hivyo tulirudi, na safari hii tukaalika mabibi na mabwana pamoja, Jumamosi mchana. Tulipima robo kilo mbele ya watu wote. Visu tuliwapa akina baba. Hapa kwetu ni wanaume wanaochinja na kuchoma, na kisu wanakijua. Walishindana nani atakata vipande vyembamba zaidi. Halafu tukaeleza habari za damu, za mama mjamzito na za watoto, bila kumlaumu mtu. Tulisema wazi kisa cha ile Jumapili, na kwamba sisi wageni tulikula vipande sita.

Palikuwa na kimya. Halafu mzee mmoja akachota chakula, akatafuna, akasema, "Kumbe nyama haijapungua. Imetembea tu." Watu wakacheka, na mazungumzo yakafunguka.

Si wote waliokubali. Baba mmoja alisema yeye nyama yake anataka aione kipande, si kuitafuta katikati ya kabeji. Hatukubishana naye. Tulimwambia, "Sawa, mzee. Wewe wekewa vipande vyako viwili. Lakini mama watoto naye awekewe vyake, na mtoto chake. Ni hayo tu tunayoomba." Akafikiri, akasema hilo anaweza.

Mwisho tulikubaliana mambo matatu, na tunayaandika hapa ili vikundi vingine vijadili:

a) Siku ya nyama, mume na mke wazungumze kabla ya kupika: leo tunakaanga, na inaliwa na wote.

b) Chakula kigawanywe kwa sahani kule jikoni, kila mtu na yake, si bakuli moja la nyama mbele ya baba. Sahani ya mama mjamzito na ya mtoto mdogo zijazwe kwanza.

c) Mgeni aheshimiwe, lakini asile sehemu ya mgonjwa. Mgeni mwenye akili atafurahi.

Hesabu ni rahisi. Robo kilo ni gramu 250. Ukigawa kwa watu sita, kila mmoja ana gramu 40 hivi za nyama mbichi. Si nyingi. Lakini mara mbili kwa wiki, pamoja na mboga, inamfaa mama kuliko mfupa wa Jumapili. Na siku ambazo pesa ya nyama haipo, omena, mayai na maharagwe yapo, na sheria ya sahani ni ile ile.

TULIRUDI KWA YULE MAMA

Baada ya mavuno tulipita tena ile nyumba ya kwanza. Mama alikuwa amejifungua salama, mtoto ananyonya. Hatusemi ni kwa sababu ya karai. Alimeza vidonge vyake, alikwenda kliniki kila alipoitwa, na Mungu alimsaidia. Mzee alitukaribisha kwa furaha kama zamani. Nyama ilikaangwa, moto wa magunzi, mbele ya macho yetu, na kijana mkubwa ndiye aliyekata.

Mama bado alikula jikoni. Hilo halijabadilika. Lakini tuliingia kuaga, tukaona sahani yake: ugali, kabeji, karoti, na nyama. Chai ilikuwa kwenye birika, imefunikwa, ikingoja saa yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwenu, nyama ikipikwa, nani hupakuliwa kwanza na nani mwisho? Je, mwisho hubaki nini?

2. Ni nani katika nyumba yako anayehitaji madini ya chuma zaidi mwaka huu? Je, anapata?

3. Ni desturi gani za mezani ambazo ni nzuri na tuzitunze? Ni zipi tunaweza kuzirekebisha bila kumvunjia mtu heshima?

4. Kwa nini mama yule wa kikundi chetu alipata ugomvi? Sisi walimu tungefanya nini kwanza?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao, kila jozi ya mume na mke wakaange robo kilo pamoja, mmoja akikata na mwingine akipika. Mje mtuambie ilichukua dakika ngapi, na kila mtu nyumbani alipata nini kwenye sahani yake.